Kila programu na maktaba yake? Mimi nakataa

Kuna ubishi wa siku nyingi katika ulimwengu wa Linux ambao wengi wetu hapa chuoni huwa tunawaachia watu wa kompyuta. Ubishi wenyewe ni huu: programu inapoletwa kwenye kompyuta yako, ije imebeba maktaba zake zote ndani ya kifurushi chake, au itumie maktaba ambazo tayari zipo kwenye mfumo na zinatumiwa na programu zote? Mimi nasoma ualimu, Hisabati na Kompyuta, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Maktaba iwe moja, ya mfumo. Anayetaka kubeba ya kwake atoe sababu, na aandike wazi kwamba amebeba.

Nasema hivyo kwa sababu anayelipa gharama ya mtindo wa kila programu kujibebea mara nyingi siye aliyeiandika. Tunaolipa ni sisi tulio mwisho wa foleni, tunaonunua bando kwa hela ya bumu. Na ni walimu wa kompyuta katika shule ambazo wengi wetu tutapangiwa.

Tuanze na maana, ili tusiachane njiani. Maktaba ya kompyuta ni fungu la msimbo ulioandikwa mara moja ili programu nyingi ziutumie. Programu ya kuonyesha picha haina haja ya kujifunza upya namna ya kufungua picha. Inaiita maktaba inayoijua kazi hiyo. Programu inayotaka mawasiliano ya siri haibuni mbinu zake, inaiita OpenSSL. Wasambazaji wa Linux, kama Debian, Fedora na Ubuntu, kazi yao ni kukusanya maelfu ya programu na maktaba kutoka kwa waandishi wa kila pembe ya dunia, kuzifungasha, kuhakikisha zinapatana, kisha kukuletea. Kwa utaratibu wao wa asili, maktaba ni kifurushi kinachojitegemea, na programu zote zinazoihitaji zinaegemea kifurushi hicho hicho kimoja.

Waandishi wengi wa programu hawaupendi utaratibu huo. Wanachukua nakala ya maktaba, wanaiweka ndani ya programu yao, wanafunga mzigo na kukukabidhi. Kwao ni raha: wanajua ni toleo lipi hasa litatumika, na programu inafanya kazi popote itakapotua. Shida inakuja siku maktaba ile ikigundulika kuwa na ufa.

Mwanachuo hahitaji mfano wa mbali. Kitabu kikiwa kimoja kwenye maktaba ya chuo na ikagundulika kwamba fomula ya ukurasa wa 40 imekosewa, inasahihishwa palepale, na kila atakayekiazima kesho atakuta sahihi. Lakini fomula hiyo ikiwa imeshaingia kwenye madesa, yakapigwa fotokopi, ya mwaka huu yakarithiwa na watakaokuja mwakani, nani atayasahihisha? Hakuna hata anayejua yako mangapi. Kila mtu anaingia kwenye pepa na kosa lake kichwani, na anaamini amesoma. Maktaba iliyofichwa ndani ya programu ni desa. Inaweza kuwa nzuri kabisa siku ilipotolewa nakala, ila kuanzia hapo haina wa kuiangalia isipokuwa yule aliyeinakili, kama bado anakumbuka.

Somo la zlib

Hili si jambo la kufikirika. Kuna maktaba ndogo inaitwa zlib, kazi yake ni kubana data. Iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Ni ya bure, ni nyepesi, na inafanya kazi yake vizuri, kwa hiyo karibu kila mtu aliichukua. Machi 2002 ikatangazwa kwamba toleo la 1.1.3 na yaliyolitangulia yana kasoro: kipande kimoja cha kumbukumbu ya kompyuta kingeweza kuachiwa mara mbili, na mdukuzi aliyepenyeza data ya kijanja angeweza kuiangusha programu, pengine hata kuitawala. Kiraka kilikuwa kidogo. Toleo la 1.1.4 likatoka, na kwa programu zilizotumia zlib ya mfumo, kifurushi kimoja kipya kilimaliza kazi.

Lakini rsync, programu ya kunakilia mafaili, ilikuwa na zlib yake ndani, tena iliyobadilishwa kidogo. Kiini cha Linux chenyewe kilikuwa na nakala yake. Na kulikuwa na programu nyingine kadhaa za namna hiyo. Wasambazaji ikabidi wapekue kifurushi kimoja baada ya kingine, kwa sababu nakala ikishazama ndani ya programu haiweki kibao cha jina mlangoni. Mwaka 2005 zlib ikapatikana na kasoro nyingine, na msako ukaanza upya.

Uzoefu wa namna hiyo ndio uliowafanya wasambazaji wawe wakali. Kanuni za Debian zinasema kifurushi kisitumie nakala ya msimbo wa mradi mwingine iliyokuja imepachikwa ndani yake, isipokuwa kama msimbo huo umekusudiwa na wenyewe kutumiwa hivyo. Kikosi chao cha usalama kina orodha inayotaja ni kifurushi kipi kimebeba nakala ya nini, ili siku ya tatizo wajue pa kuanzia.

Faida ya nidhamu hiyo ilionekana Aprili 2014, wakati wa ile kasoro ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed. Kasoro hiyo iliruhusu mtu wa mbali kuchungulia kumbukumbu ya seva na kuondoka na nywila, hata funguo za siri. Debian na Ubuntu walitoa OpenSSL iliyozibwa Aprili 7, siku ile ile kasoro ilipotangazwa. Msimamizi wa seva alisasisha kifurushi kimoja, akawasha upya huduma zake, na programu zote zilizoegemea OpenSSL ya mfumo zikawa zimezibwa kwa mkupuo. Ilibaki kazi ya kubadilisha funguo, ndiyo, lakini ufa wenyewe ulizibwa mahali pamoja.

Sasa linganisha na Septemba 2023. Safari hii ilikuwa libwebp, maktaba ya kufungua picha za aina ya WebP. Kasoro yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba wadukuzi walikuwa wameshaanza kuitumia kabla ya kutangazwa. Google wakaiziba Chrome, Mozilla wakaiziba Firefox. Lakini libwebp ilikuwa pia ndani ya kila programu iliyojengwa kwa Electron, kwa sababu Electron inabeba kivinjari kizima cha Chromium tumboni. Slack, Discord, Signal ya kompyuta, Visual Studio Code: kila moja na nakala yake, kila moja na ratiba yake ya kutoa toleo jipya. Mtumiaji angeweza kusasisha libwebp ya mfumo wake asubuhi, akalala usingizi mnono, kumbe programu nne alizofungua mchana zote zinatumia ile ya zamani.

Mwaka 2021, mwezi Desemba, ilikuwa hivyo hivyo kwa Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio. Swali gumu kwa watu wengi lilikuwa moja: je, ninayo? Log4j ilikuwa imefungwa ndani ya faili lililofungwa ndani ya faili jingine, na huwezi kuziba ufa ambao hujui kama unao.

Hoja za wenzetu

Wanaotetea kubeba wana hoja, tena nzito, na hazijibiwi kwa kupiga kelele.

Ya kwanza ni ya matoleo. Programu moja inataka maktaba toleo la 2, nyingine bado iko kwenye toleo la 1, na mfumo una moja tu. Mwandishi aliyeijaribu programu yake kwa toleo fulani hataki msambazaji ambadilishie, kisha watumiaji waje kumlaumu yeye. Hili ni kweli. Na lugha mpya kama Go na Rust zimeongeza uzito wake: programu zake kwa kawaida huunganisha maktaba zote ndani ya faili moja la mwisho, na programu moja inaweza kutegemea maktaba ndogondogo mamia. Kuzifungasha zote moja moja ni kazi ya kuchosha kwa watu ambao wengi wao wanajitolea. Ndiyo maana Debian wenyewe waliiacha Kubernetes iingie ikiwa na nakala zake za maktaba za Go, baada ya mjadala uliofika hadi Kamati yao ya Ufundi.

Ya pili inawauma wasambazaji. Mei 2008, Luciano Bello aligundua kwamba kiraka ambacho Debian waliiwekea OpenSSL mwaka 2006 kilikuwa kimeua karibu uwezo wake wote wa kutoa namba zisizotabirika. Funguo zilizoweza kutengenezwa zikabaki elfu 32 na ushei tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote. Kwa sababu maktaba ilikuwa moja, kosa moja liliingia kila mahali, Ubuntu wakiwemo. Aliyekuwa na OpenSSL yake mwenyewe isiyoguswa na Debian alipona.

Ya tatu ni ya juzi tu. Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi anayeshughulika na hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba maktaba ya kubana data ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, imewekewa mlango wa siri. Alianza kushuku baada ya kuona kuingia kwenye seva kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga imani ya wenzake kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kutia sumu hiyo. Na mlango uliifikia SSH kwa sababu Debian na wengine walikuwa wameiongezea kiraka cha kuzungumza na systemd, ambayo nayo iliivuta maktaba ya xz. Mwenzangu mmoja wa darasa aliponisikia nikitetea maktaba ya pamoja aliniuliza: kisima kimoja kikitiwa sumu, si kijiji kizima kinakwisha?

Swali zuri. Lakini tazama kilichofuata. Kwa vile xz ilikuwa kifurushi kinachojulikana, chenye jina na namba ya toleo, kila msambazaji aliweza kusema ndani ya saa chache kama anayo au hana. Ilikuwa imefika kwenye matawi ya majaribio, Debian ya majaribio na Fedora iliyokuwa ikiandaliwa, ila Debian imara haikuguswa. Wakarudisha toleo la zamani, biashara ikaisha. Sasa fikiria matoleo hayo mawili yangekuwa yamenakiliwa kimyakimya ndani ya programu mia mbili. Hadi leo tungekuwa tunachimbua. Visima mia mbili visivyojulikana viliko ni hatari kuliko kimoja ambacho kina mlinzi.

Hata kisa cha 2008 kinasema hivyo hivyo ukikisoma hadi mwisho. Kosa lilienea kupitia maktaba moja, na tiba ikapita njia hiyo hiyo, pamoja na orodha ya funguo mbovu zilizotakiwa kukataliwa. Maktaba ya pamoja haizuii makosa, na anayeahidi hivyo anadanganya. Inachofanya ni kulipa kosa anuani.

Kubeba si dhambi, kuficha ndiyo

Hapa ndipo naona Fedora walipata jibu lenye busara. Kwa miaka mingi walikataza kubeba maktaba. Aliyetaka aliomba ruhusa kwenye kamati na kusubiri. Mwaka 2015 wakalegeza. Sasa kifurushi kinaweza kubeba maktaba, lakini mtunzaji wake lazima atangaze ndani ya maelezo ya kifurushi: nimebeba maktaba fulani, toleo fulani. Tangazo hilo linasomwa na mashine. Siku kasoro ikitokea, kikosi cha usalama hakipekui gizani. Kinauliza mfumo, na mfumo unajibu kwa majina.

Wengine waliona Fedora wamesalimu amri. Mimi naona wamehamisha mzigo mahali panapostahili. Mwanzoni swali lilikuwa "umebeba au hujabeba?" Sasa ni "umebeba nini, na nani anawajibika nacho?" Kuna maktaba ambazo wenyewe wamezitengeneza zibebwe. SQLite, kwa mfano, wanaitoa kama faili moja kubwa la msimbo ili uliingize kwenye programu yako, na hakuna wa kukulaumu ukifanya hivyo. Kuna programu iliyoibadilisha maktaba kiasi kwamba ya mfumo haitamfaa tena. Sawa, abebe, lakini aseme. Asiyetangaza ndiye anayetuuzia desa lisilo na jina la aliyeliandika wala mwaka.

Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea una ngazi tatu. Tumia ya mfumo kama inafaa. Haifai? Rekebisha programu ifanye kazi na ya mfumo, na marekebisho yapelekwe kwa mwandishi wake ili kila mtu afaidike. Ikishindikana kabisa, beba na utangaze. Watu wengi siku hizi wanarukia ngazi ya tatu, tena bila kutangaza, kwa sababu ni rahisi kwao. Urahisi huo una bili, na tuone inakwenda kwa nani.

Bili inafika shuleni

Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha ina chumba chenye kompyuta kumi za mtumba, zimewekewa Ubuntu kwa sababu leseni ya mfumo mwingine haina fungu. Intaneti ni simu ya mwalimu. Akitaka kusasisha, anawasha simu, anagawa bando lake mwenyewe, na wanafunzi wanasubiri.

Tupige hesabu ya darasani. Maktaba ya libwebp kama kifurushi cha Debian haifiki megabaiti moja. Programu moja ya Electron ni makumi ya megabaiti, nyingine zinavuka 100. Tuseme chumba kina programu tatu za namna hiyo, kila moja megabaiti 80. Kuziba ufa ule ule wa Septemba 2023 kunahitaji megabaiti 240, hata kama mwalimu ni mjanja akapakua mara moja na kugawia mashine nyingine kwa waya. Asiyejua ujanja huo anazidisha mara kumi: 2,400. Upande mmoja ni bando la hela ya maandazi, upande mwingine ni la kufikiria mara mbili, na mwalimu akishafikiria mara mbili hasasishi. Mashine zinabaki na ufa.

Na bando ni sehemu tu. Maktaba ya pamoja ikiitwa na programu tano, sehemu kubwa yake inakaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta mara moja tu, zote tano zinaitumia. Programu tano zenye nakala tano zinakula mara tano, na kwenye mashine ya mtumba yenye RAM gigabaiti 2 mwanafunzi anaona tofauti kwa macho: kipindi cha dakika 40, kumi zimeliwa na kusubiri programu ifunguke. Halafu kuna gharama ya kujua. Mwalimu anayeegemea msambazaji mmoja anasoma tangazo moja. Mwenye programu zinazojibebea inabidi afuatilie kila mwandishi, kwa Kiingereza, huku ana vipindi ishirini na madaftari ya kusahihisha.

Flatpak na Snap zimejaribu kupunguza makali kwa kuweka msingi wa pamoja ambao programu kadhaa zinauegemea, na hiyo ni hatua. Lakini yasiyokuwemo kwenye msingi bado yanabebwa na kila programu peke yake, na msingi wenyewe ni mamia ya megabaiti. Anayezisifia kwenye mtandao wa kasi wa chuo ajaribu kuzisasisha kwa simu ya mwalimu yule.

Tunachoweza kufanya hapa hapa

Mtaniambia, hao Debian na Fedora wako mbali, sisi tunaingiaje? Tunaingia sana. Kila mwaka wenzetu wa kompyuta wanakabidhi miradi ya mwisho: mfumo wa mahudhurio, wa matokeo, wa kupangisha hosteli. Mingi inatoka na folda nzima za maktaba zilizonakiliwa, bila orodha ya matoleo. Mwenye mradi anahitimu, anaondoka, mfumo unabaki kwenye seva ya mtu. Miaka miwili baadaye ufa ukitangazwa, hakuna anayejua kama unahusika.

Ninachoomba ni vitu viwili vidogo. Kwanza, kila mradi unaokabidhiwa uambatane na karatasi moja: maktaba zilizotumika, matoleo yake, zipi ni za mfumo, zipi zimebebwa na kwa nini. Idara iipe alama, hata tano tu. Sote tunajua kisicho na alama hakifanywi. Pili, sisi wa ualimu tufundishwe kusoma orodha hiyo na kusasisha chumba cha kompyuta kwa bando dogo, kabla hatujapangiwa shule. Kuandaa andalio la somo tunafundishwa muhula mzima. Kutunza mashine zitakazofundishia somo hilo, hakuna hata wiki moja.

Mwandishi wa programu ana haki ya kutaka kazi yake ifanye kazi popote. Sijampinga hapo. Ila akishaweka maktaba ya mtu mwingine ndani ya mzigo wake, amechukua na deni la kuiangalia, na deni hilo haliishi siku programu inapotoka. Kama hataki kulilipa, aiache maktaba kwenye mfumo, ambako kuna watu wameshakubali kulibeba.